Kabla ya Kununua Samaki wa Tangi



Vikundi vya vijana na shule kadhaa za huku pwani zimetuletea swali moja: tunataka kuweka tangi dogo la kioo la samaki wa baharini, je, tuweke samaki gani? Wengine wanalitaka darasani. Wengine wanataka livute wateja kwenye hoteli yao ndogo ya chai na mahamri. Wengine wanataka tu watoto waone uzuri wa bahari yao, kwa maana wako watoto wengi waliozaliwa karibu na ufuo ambao hawajawahi kuona kilicho chini ya maji.

Swali ni zuri, lakini mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa. Tangi limeshanunuliwa, samaki sita wameingizwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya rangi zao, na kufika wiki ya pili wanne wamekufa. Pesa za kikundi zimekwenda na wanachama wameanza kulaumiana. Tena samaki hao hawakutoka kiwandani. Karibu wote walitolewa kwenye miamba ya matumbawe, ile ile ambayo wavuvi wetu wanaitegemea kwa kitoweo na karo za watoto.

Kwa hivyo toleo hili tutaeleza jinsi ya kuchagua. Neno kubwa ni hili: usichague kwa rangi. Chagua kwa kuangalia kiumbe atakua kiasi gani, anakula nini, na anaishi na nani. Na wawe wachache.

TANGI DOGO LINA TAABU GANI?

Watu hufikiri tangi dogo ni rahisi kuliko kubwa. Ni kinyume kabisa. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Likijaa pomoni ni lita 112. Ukishatia mchanga na mawe, maji yanayobaki ni kama lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20. Baharini uchafu wa samaki huchukuliwa na mawimbi. Ndani ya mitungi minne na nusu hauna pa kwenda.

Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa sumu iitwayo amonia. Mungu asaidie hapo, mtu atasema, lakini msaada upo: ni bakteria wazuri wanaokaa juu ya mawe na mchanga. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo si kali sana, na tunaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Shida ni kwamba bakteria hawa hawaji kwa siku moja. Wanahitaji wiki nne hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Wale samaki wanne waliokufa wiki ya pili hawakurogwa. Waliingizwa kwenye nyumba ambayo bado haina choo.

Basi maji kwanza, samaki baadaye. Tia maji, mchanga na mawe, washa pampu, kisha tumbukiza kipande kidogo cha kamba mbichi kioze humo ili bakteria wapate chakula. Nunua dawa za kupimia maji pale wanapouza vifaa vya samaki. Utaona amonia inapanda halafu inashuka, kisha nitriti nayo inapanda na kushuka. Siku zote mbili zikisoma sufuri, toa mabaki ya kamba na ubadilishe sehemu ya maji. Hapo ndipo tangi liko tayari.

Kuna mambo mengine matatu ya maji ambayo yanaamua ni viumbe wangapi utaweza kuwatunza.

Chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Kipimo cha kuelea cha chumvi husoma kama 1.025. Maji yanapokauka kwa joto, chumvi haiondoki, inabaki. Kwa hivyo yakipungua unaongeza maji matamu, si ya bahari. Wengi hufanya kinyume, na baada ya mwezi mmoja samaki anaogelea kwenye maji ya chumvi kupita kiasi. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni ni mazuri. Yale yaliyopita juu ya mabati yanaweza kuwa na madini yanayodhuru kamba na konokono. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi, pampu ya hewa ikiwaka, kwa siku nzima.

Joto. Viumbe wengi wa miamba hupenda nyuzi 24 hadi 27. Chumba cha mabati mwezi wa Februari au Machi hupita 30 kwa urahisi, na maji yakiwa moto hubeba hewa kidogo. Weka tangi mbali na dirisha lenye jua na uelekeze feni juu ya maji. Kwa wasomaji wa bara, shida yenu ni baridi ya usiku, na mtahitaji hita.

Stima. Huu ndio mtihani ambao vitabu vya ng'ambo havisemi sana. Stima ikipotea saa tano, pampu inasimama na hewa inaanza kuisha. Samaki wawili wadogo ndani ya lita 90 watavumilia. Samaki wanane hawatafika asubuhi. Kwa hivyo unapohesabu samaki wa kuweka, usihesabu kwa siku nzuri. Hesabu kwa ule usiku ambao stima haipo. Pampu ndogo ya betri si ghali ukilinganisha na hasara hiyo.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MUUZAJI

Usimpe mtu pesa mpaka upate majibu ya maswali haya.

1. Akikua atakuwa mkubwa kiasi gani? Samaki wanaouzwa mara nyingi ni watoto. Chewa wa kidole kimoja ni mzuri sana, lakini hatabaki kidole kimoja.

2. Anakula nini, na je, chakula hicho nitakipata kila siku? Yuko anayekula matumbawe hai peke yake. Huyo utamlisha nini?

3. Anapatana na wenzake? Baharini anayeshindwa hukimbia. Kwenye tangi hana pa kukimbilia.

4. Ana sumu au miiba ya hatari? Hapa fikiria watoto watakaotia mikono.

5. Ametoka wapi, na amekaa hapa kwa muuzaji siku ngapi?

WANAOFAA

Wafagiaji wa tangi. Anza na hawa. Konokono wadogo wanaokula ukijani wa kwenye kioo, na wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wanne au watano wanatosha. Kaa hawa wakikua huhama nyumba, kwa hivyo waachie makombe matupu ya ukubwa tofauti, la sivyo watawaua konokono ili wachukue nyumba zao. Angalizo kali: usiokote ufuoni konokono mwenye gamba la umbo la pia, pana juu na jembamba ncha ya chini, hata likiwa na michoro ya kupendeza. Jamii hiyo ina mshale wa sumu, na wako wengine ambao sumu yao imeua watu.

Kamba msafishaji. Ni kamba mwekundu mgongoni mwenye mstari mweupe katikati na sharubu ndefu nyeupe. Huwasafisha samaki wadudu na ngozi iliyokufa, na pia hula mabaki ya chakula. Mmoja au wawili. Hawa hawapendi mabadiliko ya ghafla ya chumvi, kwa hivyo waingize polepole.

Samaki wa anemoni. Huyu ndiye kila mtoto humtaka. Anemoni ni kiumbe laini kama ua, mwenye vidole vinavyowasha, na samaki huyu hujificha ndani yake bila kudhurika. Yule wa filamu ya Finding Nemo ya 2003 si wa kwetu. Jamii yake ni ya mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Kwetu wako wengine, kama yule mweusi-machungwa mwenye mapande mawili meupe, na yule wa rangi ya machungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni tu. Ni wadogo, hula karibu kila kitu, na wakitunzwa huishi zaidi ya miaka kumi.

Kuna jambo la ajabu juu yao ambalo litakuokolea pesa. Wote huanza maisha wakiwa madume. Katika kundi, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, anayemfuata ndiye bwana, na wengine hubaki wadogo. Kwa hivyo ukinunua wawili wakubwa wa kimo kimoja, huenda umenunua majike wawili, na watapigana mpaka mmoja afe. Nunua wawili wachanga wa jamii moja, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Watapanga mambo yao wenyewe.

Na anemoni je? Usimnunue. Anahitaji taa kali na tangi lililotulia muda mrefu, na akifa huoza na kuchafua maji yote kwa usiku mmoja. Samaki huyu akiwa tangini, mahali pasipo na adui, huishi vizuri bila anemoni.

Samaki mlinzi na kamba mchimbaji. Kwenye mchanga wa bahari yetu wako samaki wadogo wa chini wanaoishi shimo moja na kamba ambaye haoni vizuri. Kamba anachimba na kusafisha shimo, samaki anakaa mlangoni akilinda. Kamba haachi kumgusa mwenzake kwa sharubu. Adui akija, samaki anatikisa mkia na wote wawili wanaingia ndani. Kwa mwalimu wa darasa la nne, somo hilo ni bora kuliko samaki kumi wa rangi. Hakikisha mawe yamekaa chini kabisa kwenye kioo kabla ya mchanga, ili uchimbaji usiyaangushe.

Kwa lita 90 chagua basi: jozi ya samaki wa anemoni na mlinzi mmoja na kamba wake. Samaki watatu. Mgeni atasema ni wachache. Mwache aseme.

WASIOFAA

Kangaja wa buluu. Yule mwenye mwili wa samawati na pezi la manjano mgongoni hupatikana sana kwenye miamba yetu na husafirishwa nje. Ni samaki wa kuogelea mbali, hupita sentimita 20 akikua, na akibanwa hushikwa haraka na ugonjwa wa madoa meupe.

Vitatange. Wengi wao hula vinyama vya matumbawe hai. Kwenye tangi lako watakufa njaa polepole huku ukidhani wana ugonjwa.

Samaki msafishaji mwenye mstari mweusi na samawati. Anauzwa bei ya chini na watu humnunua kwa kudhani atasafisha tangi. Hasafishi tangi. Kazi yake ni kuwatoa samaki wengine wadudu. Pale mwambani ana kituo chake, na samaki wakubwa huja na kungoja zamu kama wagonjwa wa zahanati. Kwenye tangi lenye samaki watatu hana wateja, na mara nyingi hukonda akafa. Ukimtoa baharini umefunga zahanati ya wengi ili upate pambo la mwezi mmoja.

Samaki-sanduku. Yule wa manjano mwenye madoa meusi na mwili wa pembe nne. Akishtuka au akifa hutoa sumu majini inayoweza kuua kila kilichomo.

Samaki-simba mwenye mapezi kama manyoya. Miiba yake ina sumu yenye maumivu makali, na mdomo wake humeza samaki yeyote anayeingia. Aliyechomwa atie kidonda kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, na apelekwe hospitali.

Kikande, mkunga na pweza. Kikande atawavunja kaa na konokono wako. Mkunga na pweza hutoroka kupitia mwanya mdogo wa kifuniko.

Farasi wa bahari, chaza wakubwa na matumbawe hai. Biashara yao baina ya nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Tena farasi wa bahari hula taratibu sana, na wenziwe humnyang'anya chakula. Na kasa, hata awe mchanga, analindwa na sheria. Hakuna mjadala.

KUNUNUA NA KUINGIZA

Usichukue chochote kwenye mbuga za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, wala Mombasa au Kisite. Kukusanya samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni. Kabla ya kununua kwa mtu wa ufuoni, ulizia kwenye ofisi ya uvuvi na kwa kamati ya BMU ya mahali penu. Mpiga mbizi mzuri anatumia wavu mdogo na subira, havunji matumbawe kumfukuza samaki mafichoni. Huyo anastahili bei yake. Anayeuza rahisi sana, jiulize kwa nini.

Kwa mawe, usivunje mwamba. Mawe ya kujengea yanayochimbwa timboni ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka jiwe. Vipande vyake, vikioshwa vizuri na visiwe na simiti wala dizeli, ni nyumba nzuri ya bakteria. Maji ya bahari yachote mbali na mito na mabomba ya maji taka, wakati maji yanapojaa, na usichote baada ya mvua kubwa.

Mbele ya muuzaji, mwombe amlishe samaki ukiwa unaangalia. Asiyekula usimchukue. Angalia tumbo lisiwe limebonyea, macho yawe maangavu, mapezi yasiwe yameliwa, na asiwe anahema haraka haraka. Afadhali aliyekaa pale wiki nzima kuliko aliyefika jana.

Ukifika nyumbani, mweke kwanza kwenye beseni lake lenye pampu kwa wiki mbili au tatu, uone kama atatoa madoa meupe. Dawa yenye shaba itumie kwenye beseni tu. Ikiingia tangini itaua kaa na kamba wote. Siku ya kumhamisha, mtie kwenye mfuko wa nailoni na uuelekeze juu ya maji ya tangi kwa robo saa, kisha uongeze maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa muda wa saa nzima. Mtoe kwa kijiwavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Utaratibu wa lita 90 unaweza kuwa hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 6: maji, mawe na bakteria tu.
Wiki ya 7: konokono na kaa.
Wiki ya 9: kamba msafishaji.
Wiki ya 11: samaki mlinzi na kamba wake.
Wiki ya 14: jozi ya samaki wa anemoni. Hawa huja mwisho kwa sababu wakishazoea mahali hujifanya wenye nyumba.

Kila kundi jipya likiingia, pima maji tena. Lisha mara moja au mbili kwa siku, kamba au ngisi aliyekatwa vipande vidogo sana, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili. Mkate na ugali hapana. Kila wiki badilisha lita tisa au kumi, yaani nusu mtungi. Andikeni zamu za wanachama ukutani, kwa maana tangi la watu wote bila zamu ni tangi la mayatima.

Kama siku moja mtachoka na mradi, mrudishieni muuzaji viumbe au mpeni mwenye tangi lingine. Msiwamwage mahali popote. Samaki-simba, ambaye kwetu ni mwenyeji, alionekana pwani ya Florida huko Marekani mwaka 1985, na inadhaniwa alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ameenea Karibiani nzima akila watoto wa samaki wa wavuvi wa huko.

Na kama mmesoma hadi hapa mkaona mzigo ni mzito, hakuna aibu. Siku ya bamvua maji yakitoka, mchukueni mzee mvuvi anayejua mwamba, mtembee na watoto kwenye vidimbwi, mtazame bila kugusa wala kuchukua. Wataona wengi kuliko watakaowaona kwenye kioo, na hakuna wa kulishwa Jumapili jioni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani atakuwa na zamu ya tangi wakati wa likizo ya shule?
2. Tuna pesa za kungoja wiki sita bila kuwa na samaki wa kuonyesha?
3. Stima ikipotea usiku mzima, tumepanga nini?
4. Wapiga mbizi wa ufuo wetu wana leseni? Wanalipwa kiasi gani kwa samaki mmoja?
5. Ni kiumbe gani tulitaka mwanzoni kwa sababu ya rangi, na sasa tunaonaje?